Mwanangu kavunjika mkono shuleni: nina haki gani?

Swali: "Mwanangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Wiki mbili zilizopita alianguka kutoka kwenye vyuma vya kupandia uwanjani, mapumziko ya saa nne asubuhi, akavunjika mkono juu kidogo ya kiwiko. Mimi nilipigiwa simu saa nane mchana. Muda wote huo alikuwa amekaa ofisini kaushikilia mkono. Hospitali walimfanyia upasuaji, na mpaka leo vidole viwili vina ganzi. Mwalimu mkuu anasema mwenzake alimsukuma, kwamba ni ajali ya kawaida ya watoto, na kwamba nilisaini fomu ya kujiunga inayosema shule haitawajibika kwa majeraha. Je, nina haki yoyote? Na nimrudishe shule hiyohiyo? Naogopa nikilalamika atasumbuliwa."

Jibu:

Pole sana mama, na kijana naye mfikishie pole zangu. Kuna jambo hukuliuliza, lakini nitaanza nalo kwa sababu haliwezi kusubiri barua wala wakili.

Ni hivyo vidole. Mfupa ukivunjika juu ya kiwiko, mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inayokwenda kiganjani inapita hapohapo. Kwa watoto huu ni mvunjiko unaoonekana sana: anaanguka, ananyoosha mkono kujikinga, na nguvu yote inaishia kwenye kiwiko. Mshipa wa fahamu uliovutwa au kubanwa mara nyingi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa. Lakini daktari aliyemfanyia upasuaji amwone wiki hii, na aandike kwenye faili ni kidole kipi, ganzi imefika wapi, na kama kidole kinakunjika na kunyooka. Vidole vikiwa baridi au vyeupe, au maumivu yakizidi kila vinaponyooshwa, usingoje miadi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Maandishi ya daktari ndiyo matibabu yake ya leo na ndiyo ushahidi wake wa kesho.

Sasa tuje kwenye haki zako. Hukutaja uko nchi gani, kwa hiyo nitaanza na msingi unaofanana karibu kila mahali, kisha nitakuonyesha pale sheria zinapoachana.

Mtoto akishaingia getini, shule ina wajibu wa kumwangalia. Mwaka 1893 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Williams dhidi ya Eady, ilisema mwalimu anapaswa kumwangalia mwanafunzi kama baba mwangalifu anavyomwangalia mwanawe. Kipimo hicho kilienea katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, na baadaye mahakama zikakiongezea uzito: mwalimu ana watoto wengi kwa pamoja, na ana ujuzi ambao mzazi wa kawaida hana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi karibu zote duniani zimeuridhia isipokuwa Marekani, unazitaka serikali katika kifungu cha 3 zihakikishe taasisi zinazolea watoto zinafikia viwango vilivyowekwa, hasa vya usalama, afya, idadi ya wafanyakazi na usimamizi wao.

Ila elewa vizuri kipimo hicho kinauliza nini, maana hapa wazazi wengi hupoteza nguvu zao. Hakiulizi kama mtoto ameumia. Watoto hukimbia, hupanda, huanguka, na shule isiyoruhusu hayo ni shule mbaya. Kinauliza: hatari ilionekana au ilipaswa kuonekana? Kulikuwa na hatua ya kawaida ya kuizuia, na je, ilichukuliwa? Asipopatikana aliyezembea, mwalimu mkuu wako yuko sahihi: ni ajali, na katika nchi nyingi hakuna wa kudaiwa.

Kuna kesi moja ningependa kila mkuu wa shule aijue. Huko Wales, mwalimu wa watoto wadogo alikuwa anajiandaa kuwatoa wawili matembezini. Akawaacha kwa muda mfupi, na njiani akakutana na mtoto mwingine aliyeumia, akasimama kumfunga kidonda. Mmoja wa wale wawili, mwenye miaka kama minne, akatoka kupitia geti ambalo halikufungwa, akaingia barabarani. Dereva wa lori alikwepa kumgonga, akagonga nguzo na kufariki. Mjane wake akafungua kesi, na ikafika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1955. Majaji walisema mwalimu hakuwa na kosa, kwani alikuwa anamhudumia mtoto aliyeumia. Walioshindwa ni mamlaka ya elimu ya eneo hilo, kwa sababu mtoto wa umri ule hakupaswa kuweza kufungua geti na kufika barabara yenye magari.

Nimekueleza kesi hiyo kwa sababu wewe na mwalimu mkuu mnabishana kuhusu mtu: nani alisukuma, nani hakuwepo. Angalia utaratibu. Nani alikuwa zamu ya uwanja siku hiyo, na alisimama wapi? Je, ipo ratiba ya zamu iliyoandikwa, au mapumziko yakifika walimu wote wanaingia ofisini? Vile vyuma vinafika urefu gani, na darasa la tatu wanachanganywa na wakubwa hapo? Kuna kipande kilicholegea? Kuna mtoto mwingine aliwahi kuanguka hapohapo? Na chini kuna nini? Hili la chini lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani unasema zege, lami, udongo mtupu na hata nyasi havifai kuwa chini ya vyuma vya kupandia. Kinachotakiwa ni kitu kinachopokea mwili: mchanga, vipande vya mbao au mikeka ya mpira, kwa kina kinachoendana na urefu wa chombo, na kitunzwe, kwa sababu mchanga husambaa na kushindiliwa. Mzazi anaona nyasi anaridhika. Chini ya nyasi zinazokanyagwa kila siku udongo ni mgumu kama sakafu.

Kuhusu kusukumwa: kusukumana kwa watoto wa miaka minane kunatabirika, na ndiyo sababu ya kuwepo mwalimu wa zamu. Shule ikisema "alisukumwa" haijajibu swali, imelileta karibu zaidi. Je, mtoto huyo alikuwa na historia ya kusukuma wenzake na shule inajua? Hapo madai yako yanapata nguvu. Je, ilikuwa sekunde moja, mbele ya mwalimu aliyekuwa macho? Hapo yanapungua. Wazazi wa mtoto yule ni suala jingine: katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza hawawajibiki kwa sababu tu ni wazazi wake, lakini Ufaransa sheria ya madai huwabebesha wazazi makosa ya watoto wao wadogo. Ushauri wangu ni usianzie kwao. Ni mtoto kama wako.

Sasa zile saa nne za kukaa ofisini. Hapa msimamo wangu ni mkali, na ungekuwa mkali hata kama vidole vingekuwa vizima. Kuanguka huenda kukawa ajali. Kumkalisha mtoto mwenye mkono uliovunjika kuanzia saa nne hadi saa nane si ajali, ni uamuzi uliofanywa na watu wazima, na ulirudiwa kila dakika iliyopita. Mtu aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza anajua la kufanya: hanyooshi mkono wala kuuvuta, anauegemeza kama ulivyo kwa kitu kigumu na kitambaa, anagusa vidole kuona kama vina joto na hisia, hampi mtoto chakula wala kinywaji kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi, kisha anampeleka hospitali huku mwingine akimpigia mzazi. Simu ya mzazi isipopatikana, safari ya hospitali haisubiri. Damu ikizuiwa kufika kwenye misuli ya mkono, uharibifu wa kudumu unaweza kuanza ndani ya saa chache tu.

Ila lazima niwe mkweli kwako: mahakamani haitoshi kuonyesha kwamba shule ilichelewa. Unaonyesha pia ucheleweshaji huo ulileta nini. Inawezekana mshipa wa fahamu uliumia palepale alipoanguka. Mwenye jibu ni daktari wa mifupa, si mimi wala mwalimu mkuu. Mwombe akuandikie hali ya mkono na vidole ilivyokuwa mtoto alipofika, na kama kwa maoni yake saa zile ziliongeza madhara. Hata akisema hazikuongeza ganzi, maumivu ya muda huo wote kwa mtoto wa miaka minane nayo ni madhara, na mahakama nyingi huyahesabu.

Fomu uliyosaini isikutishe. Ina maana kidogo kuliko inavyosomeka. Uingereza, sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba ilikataza biashara kujivua kwa maandishi wajibu wa kifo au jeraha lililotokana na uzembe. Marekani majimbo hayakubaliani: mengine huheshimu saini ya mzazi, mengine yanasema mzazi hawezi kuuza haki ya mtoto kabla hajaumia. Katika nchi nyingi haki ya kudai fidia ni ya mtoto mwenyewe, wewe unamwakilisha tu. Kwa hiyo usikubali fomu hiyo ifunge mazungumzo. Omba nakala yake, mpe wakili asome maneno yenyewe. Mara nyingi utakuta inazungumzia kupotea kwa vitu, au ni ruhusa ya michezo, si zaidi. Na kama vyuma hivyo au usimamizi wa uwanja vimekodishwa kwa kampuni, hilo pia si kinga kamili. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya msichana wa miaka kumi aliyepata madhara ya ubongo kwenye somo la kuogelea, ilisema shule haiondoi wajibu wake kwa kumkabidhi mtu mwingine kazi iliyo sehemu ya masomo.

Ushahidi una tabia ya kutoweka haraka. Vyuma hupakwa rangi, mchanga humwagwa mpya, kitabu cha matukio huandikwa upya, walimu huhama. Nenda kapige picha sasa: vyuma vyote, sehemu alipoanguka, ardhi ikiwa na rula au kiatu kando ili urefu uonekane, na mahali mwalimu wa zamu anaposimama. Mtoto akisimulia, mwache asimulie kwa maneno yake bila kumwongoza, uandike kama alivyosema pamoja na tarehe. Tunza risiti zote, za nauli pia, na siku ulizokosa kazi. Tunza rekodi ya ile simu ya saa nane kwenye simu yako, maana saa ndiyo itakayobishaniwa.

Kisha andika barua, fupi na tulivu, upeleke nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Kitu kama hiki: "Naomba nakala ya kumbukumbu ya tukio la tarehe hiyo, ratiba ya zamu ya uwanja siku hiyo, jina la aliyempa mwanangu huduma ya kwanza na saa aliyompa, kumbukumbu za ukaguzi wa vyuma vya kupandia, na taarifa za bima ya wanafunzi kama ipo. Naomba pia kumbukumbu hizi na vyuma vyenyewe visibadilishwe mpaka nijibiwe." Basi. Hakuna matusi, hakuna vitisho, hakuna kiasi cha fedha. Barua hii itakuambia mengi hata kabla ya kujibiwa. Shule yenye utaratibu itakuletea karatasi yenye saa ya kuanguka, nani aliona, mtoto alikuwa analalamikia nini, alipewa nini, mzazi alipigiwa saa ngapi na nani, na saini. Shule isiyo na utaratibu itakuletea mstari mmoja: "Alianguka akichezacheza, mzazi akajulishwa." Ukipata mstari wa namna hiyo, uhifadhi vizuri. Ni ushahidi.

Swali la bima usilipite. Shule nyingi hukata bima ya wanafunzi ndani ya ada na wazazi hawajui, na bima ya ajali hulipa matibabu bila kuuliza kosa ni la nani. Nchi kadhaa zimelifanya hili kuwa mfumo wa taifa. Ujerumani tangu 1971 wanafunzi wamo kwenye bima ya ajali ya kisheria, hata wakiwa njiani kwenda na kurudi shule. Hulipiwa matibabu, na kwa upande wa pili ni vigumu sana kuishtaki shule isipokuwa kwa madhara ya makusudi. Japani ina mfuko wa kusaidiana unaoendeshwa na Baraza la Michezo la Japani, shule na wazazi wakichangia. New Zealand tangu 1974 karibu kila aliyeumia kwa ajali hulipwa na shirika la umma, na haki ya kushtaki kwa ajili ya fidia ya jeraha iliondolewa. Kwa maoni yangu mifumo hiyo ni ya huruma kuliko yetu sisi wengine, ambako mtoto anapata dawa kwanza au anapata kesi kwanza kutegemea mfuko wa mzazi. Kama nchi yako ina mfumo huo, anza huko na huenda usihitaji mahakama.

Kama haina, swali la kwanza kwa wakili ni muda wa mwisho wa kufungua kesi. Kwa watoto nchi nyingi husimamisha saa mpaka wafikishe utu uzima: Uingereza mtoto aliyeumia ana hadi miaka mitatu baada ya kutimiza 18. Lakini shule ikiwa ya serikali kunaweza kuwa na masharti ya ziada, na mafupi. Tanzania, anayetaka kuishtaki serikali hutoa kwanza ilani ya siku 90. California, madai ya jeraha dhidi ya taasisi ya umma huwasilishwa kwa taasisi yenyewe ndani ya miezi sita. Muulize wakili tarehe ya mwisho, aiandike, na umwone mwezi huu. Baadhi ya mawakili hawatozi chochote au hutoza kidogo kwa kikao cha kwanza, na vituo vya msaada wa kisheria vipo kwa ajili ya watu kama wewe.

Huenda shule ikakuita kabla ya hapo, ikajitolea kulipa bili ya hospitali, kisha ikakuletea karatasi ya "tumemalizana." Kulipa bili kupokee na kushukuru. Karatasi usisaini bado. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na kiungo ambayo ndiyo inayorefusha mkono. Ikiwa imeguswa, kiwiko kinaweza kupinda kadiri mtoto anavyokua, na hilo halionekani wiki ya pili. Thamani ya dai lake haijulikani mpaka daktari aseme mkono umefikia mwisho wa kupona. Baadhi ya nchi zinalinda watoto kwa kudai makubaliano ya fidia yao yaidhinishwe na mahakama kwanza, Uingereza ikiwa mojawapo. Hata kama kwenu si lazima, wakili asome kabla kalamu haijagusa.

Umeuliza kama umrudishe. Usiamue kwa hasira za wiki mbili, wala kwa woga. Nenda shuleni siku ya kawaida, wakati wa mapumziko, usimame uangalie. Yupo mtu mzima uwanjani, macho yake kwa watoto na si kwenye simu? Magoli ya mpira yamefungwa chini? Hayo huangukia watoto na huua. Gari la shule linapakia wapi, na nani huwavusha wadogo mbele yake? Uliza nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza na kama siku hiyo yupo. Uliza utaratibu wao mtoto akipigwa kichwani, na usikilize kama wanajua dalili za kukimbilia hospitali: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kuzidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, maji au damu puani au masikioni. Mkuu wa shule anayejibu hayo bila kukereka, na aliyekwisha kubadilisha kitu tangu mwanao aumie, naweza kumwamini. Anayekuambia kwamba wewe ndiye mzazi wa kwanza kulalamika, sitamwamini.

Kuhusu kusumbuliwa, hofu yako ina msingi, kwa hiyo iweke kwenye maandishi. Ongeza sentensi moja kwenye barua yako: "Natarajia mwanangu ataendelea kutendewa kama wanafunzi wengine, na nitaomba kikao na mwalimu wake wa darasa kabla hajarudi." Mazungumzo yote ya dai yafanyike kati yako na uongozi, mtoto asitumwe na barua wala kuulizwa darasani nini kilitokea. Kwenye kikao hicho leta karatasi ya daktari inayosema asibebe begi, asicheze mpira na asipande kitu mpaka lini, na mkubaliane nani atamwandikia masomo kama mkono ulioumia ndio wa kuandikia. Akionyesha kukataa shule, kukojoa kitandani au kuota ndoto mbaya baada ya kurudi, mwambie daktari hilo pia, kwa sababu hofu iliyoletwa na tukio nayo hutibika, na katika nchi nyingi inaweza kuingia kwenye dai.